Unalipa mtandaoni, unakabidhiwa kaunta: bunduki inavyonunuliwa Marekani

Ukifungua tovuti ya duka la silaha la Marekani, mwanzo wake hauna tofauti na kununua viatu. Kuna picha, bei, maoni ya wateja na kikapu cha manunuzi. Unaweka kadi ya benki, unalipa. Halafu, pale ambapo kwa viatu ungeandika anwani ya nyumbani, ukurasa unadai kitu kingine: chagua FFL yako. Inatokea ramani yenye vidoti, kila kidoti ni duka la silaha lililo jirani na wewe, na pembeni ada wanayotoza. Unabofya kimoja. Mzigo utaenda huko, si kwako.

Ukikaa na watu wa nyumbani walioko Marekani utasikia ubishi usiokwisha juu ya jambo hili. Mmoja anaapa kwamba kule bunduki unaletewa mlangoni kama pizza. Mwingine anasema huo ni uzushi, mtandaoni hakuuzwi silaha kabisa. Kila mmoja ameshika upande wake wa tembo. Kinachonunuliwa mtandaoni kinanunuliwa kweli, na pesa inatoka kweli. Ila makabidhiano, ambayo ndiyo sheria inayoyaangalia, yanafanyika dukani, ana kwa ana, kati yako na mtu mwenye leseni. FFL ni kifupi cha jina la leseni hiyo, inayotolewa na idara ya serikali kuu inayoitwa ATF, na watu wamezoea kumwita hivyo hata mwenye duka mwenyewe: "nimepeleka kwa FFL wangu." Huyo si mtunza vifurushi. Mbele ya sheria yeye ndiye anayekupa silaha, na likitokea la kutokea, jina lake litakuwa kwenye karatasi kando ya lako.

Ukilishika hilo moja, vurugu yote iliyobaki inaanza kueleweka.

Kuponi ya mwaka 1963

Zamani mambo hayakuwa hivi. Mwezi Machi 1963 mtu mmoja wa Dallas, Texas, alikata kuponi kwenye gazeti la wapenda bunduki, akaijaza na kuituma Chicago kwa duka la Klein's. Bunduki aliyoitaka, Carcano ya Kiitaliano iliyotumika vitani, yenye darubini juu yake, iliuzwa dola 19.95, gharama za kusafirisha zikiwa juu yake. Kwenye kuponi alijiita A. Hidell. Ililetwa kwenye sanduku la posta, naye akaenda kuichukua. Jina lake la kweli lilikuwa Lee Harvey Oswald, na Novemba mwaka huohuo bunduki hiyo ikamuua Rais John F. Kennedy.

Bastola yake ina kisa kinachosahaulika, nacho ndicho kinachoonyesha vizuri tundu lilivyokuwa. Tangu mwaka 1927 Bunge la Marekani lilikuwa limepiga marufuku kutuma bastola kwa posta. Wauzaji wakaona njia rahisi: posta ni ya serikali, basi tutumie kampuni binafsi za mizigo. Oswald aliagiza bastola yake kwa duka la Seaport Traders la Los Angeles, ikasafirishwa na Railway Express, akamalizia malipo wakati wa kuichukua. Hakuna sheria iliyovunjwa katika usafirishaji huo.

Miswada ya kuziba tundu hilo ilipigwa danadana bungeni miaka mitano. Aprili 1968 akauawa Martin Luther King, Juni akauawa Robert Kennedy, na tarehe 22 Oktoba 1968 Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Kudhibiti Silaha. Kiini chake ni chepesi: silaha ikitoka jimbo moja kwenda jingine, ipite mikononi mwa mwenye leseni. Duka la Chicago haliwezi tena kumtumia mtu wa Dallas. Linaweza kumtumia duka la Dallas, na mtu huyo akaenda huko, akaonekana uso, akaandikwa.

Intaneti ilipokuja haikuhitaji sheria mpya. Tovuti za leo ni kuponi ileile, na mtego uliowekwa mwaka 1968 unaishika vilevile.

Safari ya kifurushi

Tuchukue mtu wa kufikirika, tumwite Baraka. Ametoka Morogoro, anaishi Columbus, Ohio, ana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na anataka shotigani ya kuwindia kulungu msimu ukifika. Ameiona kwa muuzaji wa Texas kwa bei nzuri kuliko madukani kwao.

Kabla ya kulipa, Baraka afanye jambo ambalo wageni wengi wa biashara hii hulisahau: apige simu kwa duka la jirani. Si kila mwenye leseni anapokea silaha zilizonunuliwa kwingine. Wengine wanakataa, wengine wanatoza ada kubwa makusudi, na ukiwauliza watakuambia wazi kwamba hawaoni sababu ya kumsaidia mshindani wao wa mtandaoni. Ada ya kawaida ni makumi ya dola. Ukijumlisha na usafirishaji, ile nafuu ya bei uliyoiona mara nyingine inayeyuka yote.

Duka likikubali, linampelekea muuzaji wa Texas nakala ya leseni yake. Muuzaji haamini karatasi peke yake. ATF ina ukurasa ambapo anaandika tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za namba ya leseni, na ukurasa unamwambia kama leseni ni hai na anwani ni ipi. Hapo ndipo anapofunga mzigo. Nje ya boksi hakuandikwi kwamba ndani mna silaha, maana sheria inaikataza kampuni ya mizigo kudai lebo ya namna hiyo, na wezi wa mizigo wanajua kusoma.

Shotigani ikifika Columbus, mwenye duka anaiingiza kwenye daftari lake: aina, mtengenezaji, namba ya silaha, imetoka kwa nani. Ana hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata kufanya hivyo. Kuanzia hapo silaha ni ya kwenye daftari lake, ingawa pesa ni ya Baraka.

Hapa nina neno moja la kusisitiza. Baraka akiitwa dukani, asikimbilie kalamu. Aombe boksi lifunguliwe, aishike bunduki, aangalie kitako kama kina ufa, alinganishe namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye risiti. Wakati huo kasoro ikionekana, duka linaweza kuirudisha Texas likiwa bado ndilo lililoishika. Akishasaini na kutoka nayo, ni bunduki iliyotumika hata kama hajapiga risasi moja, na wauzaji wengi hawapokei tena. Kitakachobaki ni kuirudisha kiwandani itengenezwe, na kwa hilo sheria ni ya huruma: kiwanda kinaruhusiwa kumrejeshea mwenyewe moja kwa moja, bila kupitia dukani tena.

Fomu 4473

Karatasi anayowekewa mbele inaitwa Fomu 4473. Inajazwa palepale dukani. Sehemu ya kwanza huijaza mwenye duka, inayofuata ni ya Baraka, na ina mambo ambayo Mswahili hawezi kuyapita bila kukwama kidogo.

Jina, kwa mfano. Fomu inataka jina la ukoo, la kwanza na la kati, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Sisi tunabeba jina letu, la baba na la babu, na mara nyingi ofisi ya uhamiaji ilishatupanga ilivyotaka yenyewe siku tulipotua. Asiye na jina la kati haachi nafasi wazi, anaandika NMN, yaani hakuna. Halafu anwani: sanduku la posta halikubaliki, ni lazima pale anapolala, pamoja na jina la kaunti. Kama alihama mwezi uliopita na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani, atatumwa nyumbani kutafuta hati nyingine ya serikali yenye anwani ya sasa, usajili wa gari kwa mfano. Watu wengi wanaorudishwa siku ya kwanza hawana kosa lolote, wamehama tu.

Kisha urefu kwa futi, uzito kwa ratili, mahali alipozaliwa, uraia. Asiye raia anaandika namba yake ya uhamiaji. Namba ya hifadhi ya jamii si lazima, lakini mwenye jina lililojaa duniani ni afadhali aiandike, maana anaweza kufananishwa na mhalifu asiyemjua.

Yanafuata maswali ya ndiyo na hapana. Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja jela? Unatafutwa na mahakama? Kuna amri ya mahakama inayokuzuia kumsogelea mwenzi wako? Uliwahi kutiwa hatiani kwa kumpiga, hata kama kosa liliitwa dogo? Swali la bangi huwanasa wengi. Majimbo mengi yameihalalisha, Ohio ikiwamo, lakini sheria ya serikali kuu inamtambua mvutaji kama mtumiaji wa dawa haramu, na fomu yenyewe inaandika onyo hilo kwa maneno yasiyo na utata. Kuandika uongo hapo ni kosa la jinai, awe amepewa bunduki au hakupewa.

Kuhusu uhamiaji, kadi ya kijani ya Baraka inamtosha. Aliye nchini bila kibali hana ruhusa. Aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, naye hana, isipokuwa mianya michache, na ule unaojulikana zaidi unashangaza: akiwa na leseni hai ya uwindaji ya jimbo lolote la Marekani, kizuizi hicho kinamwondokea. Leseni hiyo hukatwa kwa ada tu na, majimbo mengi, kozi fupi. Ni sheria iliyotungwa ikimfikiria mwindaji tajiri anayekuja kwa wiki mbili, ikamwokota na mwanafunzi njiani.

Umri: miaka 18 kwa bunduki ndefu kama ya Baraka, 21 kwa bastola, ukinunua kwa mwenye leseni. Bastola ina sharti jingine pia, kwamba inatolewa na duka la jimbo unaloishi tu. Baraka hawezi kusafiri hadi Texas, akailipia bastola na kurudi nayo kwenye begi. Bunduki ndefu angeweza kukabidhiwa kule, mradi sheria za majimbo yote mawili ziheshimiwe.

Simu ya West Virginia

Fomu ikikamilika, mwenye duka anawasiliana na mfumo wa FBI uitwao NICS, wenye makao mjini Clarksburg, West Virginia, uliowashwa tarehe 30 Novemba 1998. Baadhi ya majimbo yana ofisi zao za kufanya kazi hiyo. Ohio inawategemea FBI. Jibu mara nyingi huja ndani ya dakika chache, nalo ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au hapana.

"Subiri" ndilo lenye maneno mengi. Maana yake kuna kitu kimefanana na jina lako na FBI wanataka kukichunguza. Wakipita siku tatu za kazi bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu mwenye duka kutoa silaha. Inamruhusu, haimlazimishi, na maduka mengine makubwa hayatoi mpaka jibu lije. Aprili 2015 kijana mmoja wa South Carolina alipewa bastola kwa njia hiyo, siku tatu zilipokwisha bila FBI kupata karatasi za kesi yake ya dawa za kulevya ambazo zingemzuia. Miezi miwili baadaye aliwaua waumini tisa katika kanisa la Emanuel mjini Charleston. Tangu mwaka 2022, kwa mnunuzi aliye chini ya miaka 21, uchunguzi unaweza kurefushwa hadi siku kumi za kazi.

Anayekataliwa anaweza kukata rufaa FBI. Anayecheleweshwa kila mara kwa sababu ya jina anaweza kuomba namba maalumu ya kuandika kwenye fomu ili mfumo umtofautishe na wenzake. Kina Mohamed Ali na Juma Hassan wangefanya vizuri kuijua.

Majimbo nayo yanaongeza yao. California inakuweka siku kumi hata kama rekodi yako ni nyeupe kama pamba. Illinois inataka kadi ya jimbo kabla hujagusa silaha. Tovuti ya Texas inaweza kukuuzia kitu ambacho jimbo lako halikiruhusu, na anayebaki na mzigo mkononi ni wewe.

"Ninunulie, nitakurudishia"

Swali la kwanza kabisa kati ya yale ya ndiyo na hapana linauliza: je, wewe ndiye mnunuzi halisi wa silaha hii? Sisi tuliolelewa katika kununuliana na kutumana dukani, swali hili ni shimo.

Mwaka 2009 Bruce Abramski, aliyekuwa polisi zamani, alinunua bastola ya Glock huko Virginia kwa niaba ya mjomba wake aliyeishi Pennsylvania. Mjomba au baba mdogo, Kiingereza hakitofautishi. Alitaka kutumia punguzo la bei wanalopewa polisi. Mzee alishamtumia hundi ya dola 400 kabla. Abramski akajibu "ndiyo, mimi ndiye mnunuzi", akachukua bastola, akaipeleka Pennsylvania, na huko mzee akaipokea kupitia duka lenye leseni, rekodi zake zikakaguliwa na kukutwa safi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezuiwa kumiliki silaha. Hata hivyo Abramski alitiwa hatiani kwa jibu lile la uongo, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha hukumu, majaji watano dhidi ya wanne.

Hoja ya wale watano ndiyo ileile tuliyoanza nayo. Sheria nzima imejengwa juu ya mtu aliyesimama kaunta: uso wake, kitambulisho chake, rekodi zake. Ukimsimamisha mwingine mahali pake, ukaguzi wote unakuwa wa mtu asiyehusika. Zawadi ya kweli, kwa pesa yako mwenyewe, kwa mtu anayeruhusiwa, ni halali. Kinachokatazwa ni kununua kwa pesa na maagizo ya mwingine. Mwaka 2022 kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kumiliki silaha, au anayetaka kuifanyia uhalifu, kukapewa kifungu chake chenyewe, na adhabu inaweza kufika miaka 15 jela. Kwa hiyo shemeji akikwambia "agiza kwa jina lako, nitakutumia pesa leo leo," mjibu aende mwenyewe.

Kipande kipi ndicho bunduki?

Jambo jingine linalowachanganya watu: mtutu unaletwa nyumbani, kitako kinaletwa nyumbani, darubini vilevile, lakini kipande kimoja cha chuma kinapelekwa kwa FFL. Sababu ni kwamba sheria imeteua sehemu moja kuwa ndiyo "silaha": kiunzi kinachoshikilia mitambo ya kufyatulia, pale namba inapochongwa. Vingine ni vipuri. Wajanja wakaanza kuuza viunzi ambavyo havijamaliziwa kutobolewa, bila namba, pamoja na vifaa vya kumalizia nyumbani. Kanuni ya mwaka 2022 ikawabana, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaikubali. Upande wa pili wa mizani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake si silaha mbele ya sheria ya serikali kuu, na inaweza kutumwa mlangoni kama saa ya ukutani.

Watu binafsi wa jimbo moja wanaweza kuuziana bila ukaguzi wowote chini ya sheria ya serikali kuu, ingawa majimbo kadhaa yamelikataza hilo. Wakiwa majimbo tofauti, duka lenye leseni halikwepeki. Ndiyo maana tovuti inayokuahidi kuleta bastola ya kisasa hadi mlangoni, "bila FFL," na kutaka ulipe kwa kadi za zawadi, si duka. Hakuna bunduki huko, kuna mtu anayesubiri pesa yako.

Karatasi inabaki wapi

Aliyezoea utaratibu wa kwetu ataona kitu cha ajabu. Tanzania, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na Kenya chini ya Sura ya 114, mtu anaanza na kibali: anachunguzwa, anapewa leseni, ndipo anakwenda dukani. Marekani, ukiyatoa majimbo machache, mtu anaanza na pesa na bunduki, na uchunguzi anakutana nao mlangoni akitoka. Asije mtu akadhani kadi ya kijani na risiti ya Columbus vinamruhusu kuichomeka bunduki ndani ya kontena la magari na mitumba linalokwenda Dar es Salaam au Mombasa. Kuitoa kunahitaji idhini ya Marekani, kuiingiza kunahitaji kibali cha kule, na hata boksi la risasi lililosahauliwa kwenye buti la gari linatosha kuharibu maisha ya aliyetuma na aliyepokea.

Baraka akishaondoka na shotigani yake, FBI wanatakiwa kufuta taarifa za ukaguzi uliokubaliwa ndani ya saa 24. Sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuu kutengeneza daftari la taifa la wenye bunduki. Fomu 4473 inabaki kwenye kabati la duka. Siku polisi wakiokota bunduki hiyo kwenye tukio, wanapeleka namba yake ATF, kituo cha Martinsburg, West Virginia. Kituo kinamuuliza mtengenezaji alimuuzia nani, huyo anataja muuzaji wa Texas, Texas wanataja duka la Columbus, na mwenye duka anafungua kabati na kutafuta karatasi ya Baraka. Duka likifungwa bila mrithi, makabrasha yake yote yanapakiwa kwenye maboksi na kupelekwa Martinsburg, ambako yamewahi kujaa hadi kuhifadhiwa ndani ya makontena nje ya jengo.